Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mkorofi na Nyumba Aliyolelewa

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto anapopiga wenzake, anapoiba, anaposema uongo bila kusita au anapowaonea walio wadogo kuliko yeye, malezi ya nyumbani yamechangia kwa kiasi gani? Tumechagua barua tano na kuzifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mengine yote.

Kila nikimchapa anazidi kuwa sugu

Shikamoo mshauri. Nina mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 7. Akiambiwa arudishe simu hupiga kelele, hurusha vitu, na mara nyingine hummalizia hasira mdogo wake kwa kumpiga. Nimemchapa mara nyingi, naye amezidi kuwa sugu. Baba yake anasema simchapi vya kutosha. Mama mkwe anasema namwonea mtoto, na nikimnyang'anya simu yeye humrudishia. Nani kati yetu yuko sahihi? – Mama wa watoto wawili

Marahaba, mama. Kabla ya kuzungumzia fimbo, naomba tuitazame kwa karibu ile nusu saa ya jioni ambapo simu inatakiwa kurudishwa, kwa kuwa humo ndimo ukorofi unamotengenezwa. Mama anasema, “Lete simu.” Mtoto hajibu. Mama anarudia mara ya pili na ya tatu huku akiendelea na kazi zake, na mtoto ameshazoea kwamba maagizo matatu ya mwanzo hayana uzito wowote. Mara ya nne sauti ya mama inapanda. Mtoto naye anapandisha yake, anapiga mguu chini, anarusha mto. Mama amechoka, mtoto mdogo ndiyo kwanza amepata usingizi, basi anasema, “Haya, dakika tano tu, lakini unyamaze.” Kelele zinakoma papo hapo. Katika tukio hilo kila mmoja amepata malipo yake: mtoto amejifunza kwamba kelele hurudisha simu, na mama amejifunza kwamba kulegeza kamba hurudisha utulivu. Kesho kila mmoja atarudia kilichomfaa leo, isipokuwa mtoto hataanzia mwanzo, ataanzia pale alipoishia.

Haya sikuyabuni. Mwanasaikolojia wa Marekani Gerald Patterson na wenzake katika jimbo la Oregon walitumia miaka mingi kuwatuma watazamaji majumbani, wakae na familia na kuandika tendo kwa tendo: nani kasema nini, mwenzake kajibu vipi, na nani kaachia kwanza. Maelezo aliyoyachapisha mwaka 1982 yalibadili namna wataalamu wanavyolitazama tatizo hili, kwa sababu yalionyesha kwamba ukaidi wa watoto wengi hautokani na tukio moja kubwa la maisha yao, bali unajengwa na mashindano madogo yanayojirudia mara nyingi kwa siku, ambamo mzazi na mtoto wanashurutishana hadi mmoja asalimu amri. Mtoto anayeshinda kwa njia hiyo nyumbani huipeleka shuleni, ambako wenzake humkimbia na walimu humchoka, na mwisho wake huokotwa na kundi la watoto wengine waliokataliwa kama yeye.

Sasa tazama upande wa pili wa mzunguko huo. Zipo siku ambazo mama hakubali kushindwa, anachapa, na mtoto ananyamaza. Ukimya huo humfundisha mama kwamba fimbo imefanya kazi, hata kama kesho yake vurugu inaanza upya. Mtoto naye, asiyejua leo kelele zake zitaleta simu au bakora, hujaribu kila siku, kwa kuwa juzi alifaulu. Jambo linalolipa mara moja moja bila utaratibu huwa gumu sana kuachwa kuliko lile linalolipa kila siku au lisilolipa kabisa, na ndiyo sababu nyumba zenye ukali mwingi uliochanganyika na huruma ya ghafla huwa na watoto wagumu kuliko nyumba zenye ukali wa wastani usiobadilika.

Kuhusu fimbo yenyewe nitasema waziwazi ninachokiamini: haimtengenezi mtoto mkorofi. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya mwaka 2016 tafiti 75 zilizohusisha watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kwamba kuchapwa kunaambatana na ukaidi zaidi, ugomvi zaidi na matatizo zaidi ya kihisia, na hawakupata ushahidi kwamba kunaleta utii wa kudumu. Baba wa mtoto anaweza kusema, na ni hoja ya haki, kwamba watoto wakorofi huchapwa zaidi kwa sababu ni wakorofi, na kwamba fimbo inasingiziwa. Hoja hiyo imepimwa. Mwaka 1997 Murray Straus na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa Marekani wenye umri wa miaka 6 hadi 9, wakianza kwa kupima ukorofi wa kila mtoto ili wasimlinganishe mtundu na mtulivu. Baada ya miaka 2, wale waliokuwa wakichapwa zaidi mwanzoni ndio ambao ukorofi wao uliongezeka zaidi. Mtoto anayepigwa na mtu anayempenda kwa sababu ya kutotii anajifunza pia kwamba mwenye nguvu humpiga asiye na nguvu anapotaka kutiiwa, na nyumbani kwenu asiye na nguvu kuliko yeye ni yule mdogo wake.

Kwa hiyo umeuliza nani yuko sahihi, na jibu langu ni kwamba kila mmoja wenu ameshika kipande. Baba anahisi kwamba mtoto anahitaji mipaka, na hilo ni kweli. Mama mkwe anahisi kwamba mtoto anahitaji kuhurumiwa, na hilo pia ni kweli. Diana Baumrind, aliyechunguza malezi ya watoto wadogo huko California kuanzia miaka ya 1960, alitofautisha wazazi wanaoamrisha bila kueleza, wazazi wanaoruhusu kila kitu, na wazazi wanaoweka mipaka thabiti huku wakimsikiliza mtoto na kumpa sababu. Watoto wa kundi la tatu ndio walioonyesha kujitawala vizuri zaidi. Nyumbani kwenu malezi ya aina mbili za kwanza yanaishi chini ya paa moja, kila moja na mtetezi wake, na mtoto mwenye akili hugundua haraka sana aende kwa nani.

Kaeni watu wazima watatu, mtoto akiwa hayupo, mkubaliane juu ya sheria chache. Tatu au nne zinatosha kwa mtoto wa miaka 7. Kubalianeni pia kwamba atakayeichukua simu ndiye pekee anayeweza kuirudisha. Mama mkwe mwombeni msaada kwa heshima, si kwa kumlaumu, maana mapenzi yake kwa mjukuu ni mali kubwa kama yatapata njia nyingine ya kuonekana: asimulie hadithi, acheze naye, ampeleke kutembea. Kisha mbadili namna ya kutoa agizo. Mwendee mtoto mpaka alipo, mtazame, mweleze kwamba zimebaki dakika tano. Zikiisha sema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na unyooshe mkono. Akiitoa, mshukuru kwa kutaja alichokifanya: “Umeitoa mara moja nilipokuambia, ahsante.” Asipoitoa, ichukue bila hotuba, na kesho simu isiwepo. Adhabu ndogo isiyokosekana humfundisha mtoto zaidi kuliko adhabu kubwa inayotegemea hasira za siku hiyo. Akimpiga mdogo wake, mtenganishe naye palepale na umshughulikie kwanza aliyeumia.

Nikutahadharishe jambo moja ambalo huwakatisha wazazi wengi tamaa. Siku za mwanzo kelele zitaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu mtoto atajaribu kwa nguvu zaidi mbinu iliyozoea kumlipa. Ukilegea katika siku hizo utakuwa umemfundisha kwamba anatakiwa kupiga kelele kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ukivumilia, zitashuka. Na kila siku tenga dakika kumi au kumi na tano za kucheza naye mchezo anaouchagua yeye, bila kumrekebisha, hata siku aliyokosea. Mtoto ambaye mazungumzo yake yote na mama yake ni maagizo na makaripio hana cha kupoteza anapokaidi.

Mtoto asiye na baba ni lazima aharibike?

Ndugu mshauri, mume wangu aliondoka nyumbani baada ya miaka mingi ya ugomvi. Mwanangu mwenye umri wa miaka 12 amekutwa na vitu vya wenzake shuleni zaidi ya mara moja. Ndugu wa mume wananiambia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwamba mtoto asiye na baba mwisho wake ni jela. Je, kukosa baba ndiko kumemfanya mwizi? – Mama anayelea peke yake

Pole sana, dada. Methali hiyo imewaangukia mama wengi kwa namna isiyo ya haki, na inapotamkwa na upande wa mwanamume aliyeondoka inauma zaidi.

Utengano wa wazazi una uzito, lakini sababu ya utengano ina uzito mkubwa zaidi. Michael Rutter, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Uingereza, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba watoto waliotenganishwa na mzazi kwa sababu ya ugomvi wa wazazi walikuwa na matatizo ya mwenendo zaidi ya wale waliofiwa na mzazi. Wote wamekosa mzazi, ila kilichowatofautisha ni vita walivyoviona kabla. Joan McCord wa Marekani, aliyewafuatilia wavulana hadi wakawa watu wazima, alichapisha mwaka 1982 takwimu ambazo ningependa ndugu wa mumeo wazisome: miongoni mwa waliokulia na wazazi wote wawili wanaogombana, asilimia 52 walikuja kutenda makosa ya jinai, miongoni mwa waliokulia katika nyumba iliyovunjika lakini wakiwa na mama mwenye upendo, walikuwa asilimia 22. Wale waliokulia na wazazi wawili wanaoelewana walikuwa asilimia 26.

Nao utafiti wa mwaka 2003 wa Sara Jaffee na wenzake, uliohusu watoto pacha wa miaka 5 huko Uingereza na Wales, ulikuta jambo linalofuata mantiki hiyohiyo. Baba mwenye mwenendo mwema akikaa na wanawe, wanafaidika. Lakini baba ambaye yeye mwenyewe ni mgomvi na mvunja sheria, kadiri anavyokaa nao zaidi ndivyo mwenendo wao unavyozidi kuwa mbaya. Kwa hiyo swali la maana kuhusu baba ni anafanya nini anapokuwa nyumbani.

Hata hivyo sitakuambia kwamba kulea peke yako hakuna ugumu, maana ungejua nakudanganya. Mzazi mmoja ana macho mawili tu na muda mfupi, na usimamizi hafifu ni miongoni mwa mambo yanayotabiri uhalifu wa vijana kwa uhakika mkubwa. Katika utafiti maarufu ulioanza mwaka 1961 kusini mwa London, ambao wavulana 411 walifuatiliwa tangu wakiwa na umri wa miaka 8 na David Farrington aliuendeleza kwa miaka mingi, dalili zilizojitokeza mapema zilikuwa usimamizi hafifu, makaripio makali yasiyo na utaratibu, ugomvi wa wazazi, umaskini, na kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kuhukumiwa. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, mjomba, jirani au mwalimu, ambaye mwanao atakuwa chini ya macho yake katika saa zile ambazo wewe uko kazini.

Kuhusu wizi wenyewe, usiridhike na maelezo ya “nimeokota” au “nimepewa” kwa kitu ambacho hukumnunulia. Chukueni kitu hicho mkakirudishe pamoja, yeye akikikabidhi kwa mkono wake kwa mwenyewe, na kama kimeharibika akifanyie kazi mpaka akilipe. Mfanye aone sura ya aliyeibiwa na asikie jinsi alivyokitafuta. Kisha usimwite mwizi, wala usiwaruhusu ndugu wamwite hivyo.

Nimsake kijana wangu kila anakokwenda?

Mshauri, kijana wangu wa miaka 15 alikuwa mtoto mwema kabisa. Mwaka huu ameanza kutoroka vipindi, kuvuta sigara na kunijibu kwa kiburi. Nimeamua kumpekua mifuko na simu yake kila siku na kumfuata kwa siri. Mke wangu anapinga. – Baba mwenye wasiwasi

Kaka, nianze na yale yatakayokupunguzia hofu. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt alieleza mwaka 1993, akitegemea hasa kundi la watu 1,037 waliozaliwa katika mji wa Dunedin huko New Zealand mwaka 1972 na 1973, kwamba ukorofi wa vijana si wa aina moja. Wapo wachache ambao ukorofi wao huanza utotoni, katika umri wa kutambaa na kung'ata, ukaendelea shuleni na kufika utu uzima. Wapo wengine, walio wengi zaidi, ambao utoto wao ulikuwa wa kawaida, wakaanza kuvunja sheria wakiwa vijana kwa kuiga wenzao wanaoonekana wakubwa, kisha wengi wao wakaacha walipopata majukumu. Maelezo yako yanamweka kijana wako katika kundi la pili. Hilo halikuruhusu kulala usingizi, kwani mimba, dawa za kulevya na hukumu ya mahakama vinaweza kumzuilia njia ya kurudi. Lakini linakuruhusu kuzungumza naye kama mtoto wako yuleyule.

Kuhusu kumpekua, nina mashaka. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kwamba wazazi wanaojua watoto wao wako wapi na wako na nani huwa na watoto wenye mwenendo mzuri, wakahitimisha kwamba wazazi wafuatilie zaidi. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr waliuliza swali ambalo lilikuwa limesahauliwa: wazazi hao wanajuaje? Walipowachunguza vijana wa miaka 14 nchini Uswidi na wazazi wao, waligundua kwamba habari nyingi za kweli hazikutoka kwenye upelelezi. Zilitoka kwa kijana mwenyewe, aliyesimulia kwa hiari. Na kijana husimulia pale ambapo kusimulia hakujawahi kumletea balaa.

Fikiri, kaka, mara ya mwisho mwanao alipokuambia jambo baya lililotokea, ulifanya nini? Kama ulipandisha sauti kabla hajamaliza sentensi, alijifunza kukuficha. Sheria zibaki: saa ya kurudi nyumbani ijulikane, mahali anapokwenda na watu anaokwenda nao aviseme kabla ya kutoka, na shule uiulize wewe mwenyewe mahudhurio yake kila wiki, waziwazi, kijana akijua kwamba unafanya hivyo. Kufuatilia kwa uwazi ni wajibu wa mzazi. Kumvizia kwa siri kutakupa taarifa za wiki mbili, kisha atagundua, na utakuwa umepoteza chanzo chako bora cha habari.

Mbona wamelelewa pamoja?

Mimi ni mwalimu. Ninao ndugu wawili darasani, wamezaliwa nyumba moja na wazazi ninaowaheshimu. Mmoja ni mpole, mwingine huwaumiza wenzake bila kuonyesha majuto. Kama ni malezi, mbona wametofautiana? – Mwalimu wa shule ya msingi

Mwalimu, swali lako ni zito na linawatendea haki wazazi. Mwaka 2002 Soo Hyun Rhee na Irwin Waldman walijumlisha tafiti 51 za mapacha na za watoto walioasiliwa, wakakadiria kwamba urithi wa kibayolojia unaeleza karibu asilimia 40 ya tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu katika mwenendo huu. Sehemu kubwa ya asilimia iliyobaki ilihusu mambo ambayo ndugu wa nyumba moja hawashiriki sawasawa. Nyumba ni moja, lakini kila mtoto anaishi katika nyumba yake: mmoja alizaliwa wazazi wakiwa na utulivu, mwingine wakati wa dhiki, mmoja hukumbatiwa kwa kuwa anatabasamu, mwingine hukaripiwa kwa kuwa halali usiku.

Tena mtoto naye huwalea wazazi wake. Mwaka 1986 watafiti wa Kanada, miongoni mwao Hugh Lytton, waliwakutanisha mama na wavulana: kila mama alikaa na mwanawe, kisha na mvulana mkorofi wa mwingine, kisha na mvulana mtulivu wa mwingine. Mama wa watoto watulivu, walipokutana na mvulana mkorofi, walitoa maagizo mengi na makaripio kama walivyofanya mama wa wakorofi. Ukali tunaouona kwa mzazi, basi, mara nyingine ni matokeo ya uchovu kabla ya kuwa chanzo.

Hata hivyo sikubaliani na anayesema kwamba mtoto kazaliwa hivyo na hakuna la kufanya. Richard Tremblay, aliyetafiti kwa muda mrefu huko Montreal, ameonyesha kwamba kupiga, kung'ata na kusukuma huwa kwingi zaidi kati ya mwaka wa pili na wa nne wa maisha, kisha kwa watoto wengi hupungua. Mtoto hahitaji kufundishwa kupiga. Anafundishwa kuacha, na wengine wanahitaji mafunzo marefu kuliko ndugu zao. Yule asiyeonyesha majuto, adhabu huwa hazimgusi sana. Humgusa zaidi sifa na uhusiano wa karibu na mtu mzima mmoja, na ningeshauri aonane mapema na mwanasaikolojia wa watoto kwa ridhaa ya wazazi wake.

Mjukuu wangu anaona maadui kila mahali

Mwanangu, nimeletewa mjukuu wa miaka 9 kutoka nyumba ambayo alikuwa akipigwa vibaya na kuona mama yake akipigwa. Mwenzake akimgusa bega anageuka na ngumi. Mimi ni mtu mzima, sina nguvu za kushindana naye. Je, nimechelewa? – Bibi

Shikamoo, bibi. Hujachelewa. Mtafiti Lee Robins alipowatafuta watu wazima waliowahi kuletwa kliniki ya watoto huko St. Louis miaka 30 kabla, alikuta kwamba watu wazima wenye mwenendo mbaya wa kudumu karibu wote walikuwa watoto wakorofi, lakini walio wengi kati ya watoto wakorofi hawakuishia huko. Miaka 9 ni umri wa mapema bado.

Ulichokiona kwenye bega lake kina maelezo. Mwaka 1990 Kenneth Dodge na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliofuatiliwa kabla na baada ya kuanza shule ya awali. Waliokuwa wamepigwa hadi kuumizwa nyumbani walikuwa wepesi kudhani kwamba mwenzao kakusudia kuwadhuru hata palipokuwa na ajali tu, walikosa kuona dalili zilizoonyesha nia njema, na waliona ngumi kuwa jibu la kwanza. Katika nyumba aliyotoka mjukuu wako, kudhani mabaya haraka kulimwokoa. Hapa kwako hakumsaidii tena, lakini mwili wake haujapata habari hizo.

Mpe habari hizo kwa vitendo, bibi. Mwendee kwa mbele, umwite jina kabla ya kumgusa. Sema kwa sauti unachotaka kufanya: “Napita nyuma yako kuchukua ufunguo.” Ratiba ya siku isibadilike bila yeye kuambiwa. Anapogombana, subiri atulie kabisa kwanza, kisha mpitishe tena kwenye tukio hilo taratibu: aliyekugusa alikuwa anatazama wapi, alikuwa na nini mkononi, kuna sababu gani nyingine inayoweza kumfanya akuguse? Mwache atafute mwenyewe sababu mbili au tatu. Halafu muulize mjukuu wako anadhani yule aliyepigwa amejisikiaje, na yeye mwenyewe atafanya nini ili kuyarekebisha. Mwombe mwalimu wake atumie maneno hayohayo, ili asikutane na lugha mbili. Usimpige hata mara moja, hata siku ambayo kila mtu atakuambia kwamba anastahili.

Umesema huna nguvu za kushindana naye, na hiyo ni heri kwake, kwa sababu amekwisha kuishi na watu wenye nguvu. Lakini usibebe mzigo huu peke yako. Ikiwa anaumiza wanyama, anachoma vitu moto, anabeba silaha, au ikiwa kupiga na kuharibu kumeendelea kwa mwaka mzima bila kupungua, mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia wa watoto, na ukifika usisahau kueleza alichokipitia, kwa kuwa mtoto aliyeumizwa huhitaji matibabu ya hofu yake pamoja na ya ukorofi wake. Kabla ya kwenda, tafuta mtu akuandikie kwa wiki mbili kila tukio: saa ngapi limetokea, nini kilitangulia, alifanya nini, na wakubwa walifanya nini baadaye. Mtaalamu atayahitaji hayo zaidi ya kuambiwa kwamba mtoto ni mkorofi, na huenda wewe mwenyewe ukagundua saa au mahali ambapo vurugu huanzia, ukaanza kupabadilisha kabla hata ya siku ya miadi.